Ndege Aliowaona Mutesi

Miaka minne baada ya kumzika mkewe, Rudasingwa alimpigia simu binti yake Isaro, aliyekuwa akiishi Hilliard, pembeni mwa Columbus, akamwambia anataka kurudi Arizona.

“Kule kuna kaburi tu, Papa.”

“Na ndege.”

Isaro akajibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo akikaribia kulia, kwamba ataomba ruhusa kazini.

Arizona ndiko walikopokelewa walipotoka kambi ya wakimbizi Burundi. Kwa mtu aliyezaliwa milimani Minembwe, akachunga ng'ombe kwenye baridi na ukungu, lile jangwa lilikuwa adhabu. Rudasingwa alipata kazi ghalani, akifungasha mboga siku sita kwa wiki. Mutesi, mkewe, alikuwa na ugonjwa wa moyo, hakuajiriwa. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali alichukua mwavuli wake, akatembea mpaka kwenye mabwawa ambako mji ulisafishia maji taka. Harufu haikumkera. Katika nchi kavu namna ile, alisema, ndege wote hukutana penye maji, na hawaulizi maji yametoka wapi.

Jioni alimsimulia mumewe: bata wenye midomo mipana kama vijiko, bundi wafupi wanaolala mashimoni, kware wenye kishungi wakivuka njia na vifaranga vyao.

“Jumapili twende wote, baada ya ibada,” alimwomba.

“Bon, mama Isaro, hatukukimbia vita tuje kuhesabu ndege,” Rudasingwa akamjibu siku moja, mgongo ukimuuma. Mutesi hakuomba tena. Hata mwaka haukuisha, moyo wake ukasimama akiwa jikoni.

Baada ya mazishi watoto wakasema wahamie kwa watu wao. Kalisa, kaka yake Isaro, akaenda Louisville, Isaro akaenda Columbus, na baba yao akaishia Buffalo, mtaa wa Lower West Side, penye kanisa linaloimba kwa lugha yao ya Kinyamulenge na theluji inayoziba mlango. Alifanya kazi kiwandani mpaka mgongo ukamshinda. Ni hapo, akishinda dirishani bila la kufanya, jibu alilompa mkewe lilipoanza kumtafuna.

Walifika Arizona mwezi wa sita. Makaburini wakafuta vumbi kwenye jiwe, wakaomba. Kesho yake alfajiri wakaenda mabwawani. Mawili yalikuwa yamekauka, tope limepasuka kama kisigino cha mkulima. La tatu lilikuwa na maji ya kijani na ndege mmoja tu, miguu yake mirefu, myekundu. Rudasingwa alingoja. Jua likapanda, hakuja mwingine.

Mzungu mmoja mzee, darubini shingoni, akawasogelea. Isaro akatafsiri: wamekosea msimu. Ndege wengi huja kuanzia mwezi wa kumi na moja, wakikimbia baridi ya kaskazini. Kisha yule mzee akamkazia macho Isaro, akauliza kama anamfahamu mama mmoja aliyekuwa akija hapo na mwavuli wa maua.

“Ni mama yangu. Alifariki.”

Mzee akavua kofia. Aliongea kwa muda mrefu, akionyesha benchi lililokuwa karibu na uzio. Safari hii Isaro hakutafsiri.

“Anasema nini?” Rudasingwa akauliza.

“Anasema walikuwaka wanakaa pale. Yeye anaonyesha picha kwenye kitabu, Mama anataja jina kwa Kinyamulenge.” “Anasema alidhani Mama ni mjane. Alikuwaka anakuja peke yake.”

Rudasingwa alitazama lile benchi.

“Mwambie miye ndiye bwana yake.”

Isaro akamwambia. Mzee akavua darubini na kumpa. Rudasingwa aliiweka machoni, akaizungusha huku na huku. Hakuona chochote ila mwanga juu ya maji. Akairudisha, akashukuru.

Mwezi wa kumi na moja ulipofika hakuweza kusafiri. Mgongo ulikuwa umemlaza. Kalisa alimpigia kutoka Louisville kumjulia hali, akauliza kama kule jangwani aliwaona wale ndege wa Mama.

“Moja,” Rudasingwa akasema. “Niliona moja tu.”