Mtu Aliyegeuka Nyuma

Kila nikifungua kopo la iliki, wanaume wale hutoka. Natenga chai jikoni kwangu, nalegeza kifuniko, na kabla harufu haijanifika vizuri puani nawaona wamejipanga kando ya behewa, blanketi zimekunjwa begani, wananitazama kama mtu anayejua treni yao inakwenda wapi. Sijui inakwenda wapi. Sikujua nikiwa na miaka saba na sijui leo, ingawa hapo katikati nilipitia chuo kikuu, nikasomea historia, na sasa watu hunilipa fedha kidogo niandike kana kwamba najua.

Lawama niwape Waswidi na mikate yao. Sisi iliki tunaitia kwenye chai na maandazi; wao wanaitia katika kila kinachookwa. Bibi mmoja wa Kiswidi, ambaye kwetu aliitwa Mama Elin, alikuwa na bati kubwa la biskuti lililokaa na iliki miaka mingi hata likawa halitoki harufu kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Humo ndimo alimohifadhi picha za marehemu mumewe. Kwa hiyo watu wa vita, kwangu mimi, walinukia iliki, na chini ya iliki palikuwa na harufu nyingine ya uchachu, kama siki iliyosahauliwa kabatini.

Tulikuwa tukikaa Hagsätra, pembeni mwa mji mkuu wa Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa amekuja kusomea uhandisi wa maji, Mama akipiga pasi mashuka ya hospitali. Kutoka dirishani tuliiona stesheni, nayo ilikuwa ya mwisho: treni ilifika, watu wote wakashuka, dereva akatembea na mkoba wake hadi upande wa pili, ikarudi ilikotoka. Jumapili nyumba yetu ilijaa. Kila aliyejua Kiswahili na kuchoka kula viazi peke yake alipanda ngazi zetu. Alikuja Mama Njoki, Mkenya, muuguzi, mwanamke ambaye hakukubali jambo lolote mpaka alipime kwanza. Alikuja Bwana Juma, Mzaramo, fundi mwanafunzi katika karakana ya mashine. Baba alikuwa Mnyamwezi. Wanaojua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi wamekwisha kuelewa jinsi Jumapili zetu zilivyokuwa na kelele.

"Wewe mtoto wa mla asali," Bwana Juma aliingia akimwambia Baba, hata koti hajavua. "Nimemwota baba yako jana. Yuko Mombasa, ana mke mnene, anakula halua."

"Umeota na njaa," Baba alijibu. "Mzaramo akiota, huota chakula."

"Shemeji, mwambie huyu mumeo anipishe nikae. Mtumwa wangu hawezi kukalia kiti nami nimesimama."

Tulicheka wote, Baba akizidi. Lakini maneno yale ya Mombasa yalikuwa na historia. Babu yangu aliondoka nyumbani na madebe ya asali kwenda kuuza Tabora mjini, wakati Baba bado anabebwa mgongoni. Hakurudi. Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili, na baadhi ya watu walisema alikamatwa akapelekwa Burma pamoja na wengine. Wengi zaidi walisema alipata mwanamke. Barua haikuja, wala mtu aliyemwona. Bibi alikataa kuweka matanga. "Siwezi kumlilia mtu ambaye huenda anacheka mahali," alisema, na hakuolewa tena. Baba akakua akiitwa mtoto wa aliyekimbia, na waliomwita hivyo hawakuwa watani wake. Neno la mtani hupita kama upepo. Lile la mwingine lilimkaa Baba rohoni, na alisafiri nalo mpaka Ulaya.

Mama Elin tulimpata ndani ya treni. Mama na Mama Njoki walikuwa wakimsema kwa sauti mzee mmoja aliyevaa kofia ya ajabu, wakiamini wako salama, mara bibi wa kiti cha mbele akageuka: "Hamjambo, wanangu. Niwieni radhi kwa kuingilia. Kofia ile kweli haimfai." Mama alitaka treni immeze. Kiswahili cha Mama Elin kilikuwa kile cha misheni ya zamani, kimepigwa pasi, hakina hata kunyanzi moja. Mimi nilizoea kumjibu Mama kwa Kiswidi; Mama Elin, Mswidi mwenyewe, alikuwa akinikatalia: "Sikusikii, Rehema. Sema nikusikie." Hadi leo nikikosea ngeli huwa namwangalia yeye kwanza moyoni kabla ya mama yangu.

Mumewe alikuwa mmisionari Tabora wakati wa vita. Siku moja alikwenda stesheni na kamera yake, akawapiga picha wanaume waliokuwa wakipakiwa kwenye mabehewa kupelekwa vitani, akawaahidi kwamba picha zitafika kwa wake zao. Kisha homa ikamwangusha, akarudishwa kwao, na miaka mingi baadaye akafa na ahadi yake. "Mume wangu alikuwa mtu mwema sana," Mama Elin alituambia, mikono juu ya kifuniko cha bati. "Ila alisahau kuuliza majina." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mlango haukufungwa na mbuzi wote wametoka.

Basi kila Jumapili, vyombo vikishaondolewa, picha zilitandazwa juu ya kitambaa cha plastiki. Kazi ilikuwa kuwatafutia watu wale majina. Mimi nilikuwa mpitishaji, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo na nilikuwa nimeapishwa nisiguse maandazi kwanza. Wakubwa waliinama juu ya chale, meno yaliyochongwa, masikio.

"Masikio haya ni ya kwenu, Juma."

"Ya kwetu yapi? Haya ni ya Kinyamwezi, yamevutwa na mizigo."

"Tulieni," Mama Njoki aliamuru. "Huyu ana goti bovu. Angalieni anavyosimama."

Jambo moja niliona mapema bila kulielewa: hakuna aliyesema hapana. Bibi wa watu amebeba bati lake katika theluji, amepanda ngazi, amekunywa chai yetu na kuisifu. Sasa umtazame usoni umwambie humjui hata mmoja? Kwetu hilo lingekuwa kama kumnyima maji. Kwa hiyo walisema, "Anafananafanana na." Walisema, "Si ajabu huyu akawa." Kisha, polepole, wakaanza kutaja majina. Mama Elin aligeuza picha, akaandika jina kwa penseli, na wiki ya pili aliyelitaja aliletewa nakala iliyosafishwa upya, aipeleke nyumbani. Filamu za mumewe alikuwa nazo bado.

Mimi picha zile zilinitesa. Niliingiwa na wazo kwamba wanaume wale bado wako safarini. Treni waliyopanda haikuwahi kufika popote, ilikuwa inazunguka tu dunia ikitafuta mwisho wa reli, na mwisho wa reli, kila mtu alijua, ulikuwa kwetu. Mama alinituma stesheni kumngoja Baba, na saa tisa alasiri za majira ya baridi giza lilikuwa limekwisha kushuka. Treni ilipofungua milango nilifumba macho. Nilikuwa na hakika kwamba safari hii ni wao: watashuka na blanketi zao, watanizunguka kimya, na mmoja wao ataniuliza kwa adabu nyumbani ni wapi. Mimi ningemjibuje? Nyumbani nilikokujua ni ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.

Aliyenitisha kuliko wote alikuwa mmoja tu. Katika picha ya behewa wote wanaitazama kamera, wamekaza shingo kama walivyoambiwa. Yeye amegeuza kichwa nyuma, na kwa sababu aligeuka wakati ule ule, uso wake umefifia, kama umepanguswa kwa kidole chenye maji. Unaona shavu, unaona bega pana. Macho huyaoni. Huwezi kujua anaangalia nini.

Baba hakukaa kamwe kwenye meza ile. Picha zikitoka, yeye alikumbuka bomba linalovuja au taa inayotaka kutazamwa. Lakini wiki moja ilikuja habari kutoka nyumbani kwamba Bibi anaumwa na huenda asimalize mwaka. Jumapili iliyofuata, Mama Elin alipofungua bati, Baba alivuta kiti akakaa. Bwana Juma alifungua mdomo kumtania, akaufunga.

Baba alizipitia zote, moja moja. Alifika kwenye behewa. Akaweka kidole chini ya yule aliyegeuka.

"Huyu."

"Unamfahamu, Baba Rehema?" aliuliza Mama Elin.

"Ni baba yangu."

Mama Njoki, kwa mazoea ya kazi yake, akauliza: "Umemjuaje? Sura haionekani."

"Amegeuka," Baba alisema. "Wengine wote wanamwangalia mzungu. Huyu anaangalia alikotoka." Akagonga picha kwa kidole. "Hakukimbia. Mnaona? Mtu anayekimbia haangalii nyuma hivi."

Nilikuwa mtoto mwenye bidii, yaani mtoto wa kuudhi. Nilikuwa nimeishika mwenyewe picha ile wiki baada ya wiki na nilijua kilichoandikwa mgongoni. Nikasema kwa Kiswidi, kwa sauti ya mwanafunzi aliyepata jibu, kwamba haiwezekani, maana huyu tayari ni mjomba wa Mama Njoki. Na kabla ya kuwa mjomba wa Mama Njoki alikuwa kaka wa bibi mmoja wa Bukoba.

Mama Njoki aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba chai imemwita. Mama alinitazama kwa jicho ambalo halihitaji tafsiri. Mama Elin peke yake hakutahayari. Alichukua penseli yake.

"Igeuze, Rehema," alisema kwa kile Kiswahili chake kisicho na kunyanzi. "Nyuma bado kuna nafasi."

Nikaigeuza. Akaandika jina la babu yangu chini ya majina mawili, kwa mwandiko ule ule, kwa uangalifu ule ule.

Nje, treni ilisikika ikiingia stesheni. Ndipo Bwana Juma akainuka. Alichukua blanketi kwenye kochi, akalikunja, akalitupa begani. Akasimama ubavu, akageuza kichwa nyuma sawasawa na mtu wa pichani.

"Mwanangu," alisema kwa sauti nzito ya kizee, "usininunie. Nilikuwa njiani siku zote. Ni treni imechelewa."

Nilidhani Baba atampiga. Mama aliweka mkono mdomoni.

"Na ile asali," Bwana Juma aliendelea, "niliiuza vizuri sana. Ila nilimpa Mzaramo anishikie fedha."

Baba alicheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, na mahali fulani katikati kicheko kikamgeuka, mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine, na Bwana Juma, bila kuvua blanketi, akamshika kichwa akakiweka tumboni kwake kama cha mtoto. Mama alikwenda jikoni akainjika sufuria kubwa, ile ya sikukuu. Hakuna aliyeaga mapema. Mama Elin alichambua mchele. Sikujua kuwa nimehudhuria matanga. Nilijua tu kwamba wakubwa walilia na kutaniana kwa pamoja, jambo ambalo nilikuwa nikikatazwa mezani.

Nakala ikatumwa Tabora. Jibu likaja kwa mwandiko wa Shangazi: Bibi ameiona picha, ndiye, na matanga yamewekwa kwa heshima zote. Baba akaanza kupiga mluzi kwenye ngazi. Alipiga vibaya, na kwa sauti, hata jirani wa chini akabandika ombi la utulivu mlangoni. Baba akalisoma, akapiga mluzi.

Bibi alifariki mwaka ule ule. Miaka mingi baadaye, Baba naye ametutoka, nilikwenda Tabora na kinasa sauti na maswali yaliyopangwa kisomi. Shangazi aliyatazama maswali yangu, akayaweka chini ya sahani, akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeliuliza.

"Picha ilipofika, mama, bibi yako, aliipeleka mlangoni penye mwanga. Akasema, 'Huyu si yeye.' Nikamwambia sura haionekani, umejuaje? Akasema, 'Mume wangu akiondoka, ameondoka. Hakugeuka nyuma hata siku moja. Nilikuwa nikisimama pale kila akitoka, nikingoja ageuke.'"

"Lakini barua ilisema ndiye," nilisema.

"Yeye ndiye aliyeniambia niandike hivyo. 'Mwanangu yuko kwenye baridi,' alisema, 'na amepata baba. Nani anamnyang'anya?' Halafu akavua ushanga kama mjane, akakaa chini, akalia. Alilia kweli, mwanangu. Alimlilia nani, sijui. Sikumuuliza."

Nilizima kinasa sauti. Chuoni nilikuwa nimefundishwa nisiamini ushahidi wa anayetaka sana kuona. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini na anayejua na bado akaamua kusema ndiye. Nadhani sasa hata mezani kwetu walijua. Mama Njoki alijua alipotaja jina la mjomba wake, na alijua alipolisikia likifuatwa na lingine. Kati ya wanaume wote waliosimama pale, na sura zao wazi kama mchana, watu wa nyumba tatu walimchagua yule yule asiye na uso, kwa sababu ndiye pekee aliyegeuka.

Ninachokiogopa siku hizi ni kitu kingine. Mtu yule alikuwa na jina. Analiliwa Bukoba, analiliwa Kenya, alipata matanga kamili nje ya Tabora na hitima ya mchele Hagsätra. Huenda nyumba ambayo haijawahi kumlilia ni ile moja tu aliyokuwa akiitazama.

Picha iko ukutani kwangu. Mama Elin aliniachia ile ya asili kabla hajafa, pamoja na bati. Wageni wakiuliza huyu ni nani, nasema babu yangu, na yeye anaendelea kutazama upande mwingine kama asiyetaka kunisuta mbele za watu. Fundi wa fremu alitaka kuibandika gundi mgongoni ikae imara. Nilimkatalia. Basi wewe unayesoma, kama kwenu kuna aliyeondoka miaka ile, mwenye bega pana, na mlikuwa mkimngoja ageuke, njoo uitazame. Chai ipo. Nyuma bado kuna nafasi.