Barua Niliyoisoma Kichwa Chini

Mimi nilikuwa mpanga herufi, na sitaki mtu aniambie ilikuwa kazi ndogo. Miaka ya sitini ikielekea ukingoni, kwenye kiwanda cha uchapaji pale River Road, hakuna neno lililofika kwenye karatasi kabla ya kupita kwanza mikononi mwangu, herufi moja moja ya madini ya risasi. Herufi zile sura zake ni za kinyume, kwa hiyo anayezipanga huzisoma kichwa chini. Ukishazoea, macho hayajali tena. Hotelini niliweza kusoma gazeti la mtu aliyeketi mbele yangu huku nakula mandazi, nikalimaliza kabla yake. Mke wangu alisema hiyo ni tabia mbaya. Nikamwambia si tabia, ni ufundi.

Mlango wa pili kutoka kwangu, kule Riruta, aliishi Mkamba mmoja, mtu wa maneno machache. Tuliitana jirani tu. Yeye alikuwa fundi wa kukata karatasi pale pale kiwandani, na kila asubuhi tulishuka mjini kwa baiskeli yangu, mimi nikikanyaga, yeye nyuma kwenye keria. Baiskeli ikianza kulia alisema ni ugali wa Mluhya huo. Nikamjibu ni mahindi ya muthokoi ya Mkamba, tena ashuke asukume. Naye alishuka kweli, kwenye kila mlima.

Wenye kiwanda walikuwa ng'ambo, na huko kwao walikuwa na kiwanda kingine kama chetu. Sisi tulichapa na kukata pakiti za majani ya chai. Mwaka huo oda ilikuja kubwa ajabu, na meneja wetu, Mzungu aliyekaa Westlands, akaamuru kinga ya chuma itolewe kwenye mashine ya kukatia, ati inachelewesha kazi. Siku ya tatu kisu kikashuka na vidole viwili vya jirani, vya mkono wa kulia. Nilikuwa chumba cha pili. Sikusikia ukelele, nilisikia mashine imenyamaza, nikajua.

Alilazwa majuma mawili. Alipotoka, mkono ukiwa bado na bandeji, alikutana na barua langoni mwa kiwanda: kazi ya kukata inataka vidole kumi, kwa hiyo kwaheri. Hebu fikiria! Mtu umemkata wewe, halafu unamfukuza kwa kuwa amekatika. Alikuwa na watoto wanne na chumba kimoja cha kupanga. Kwao Ukambani mvua ilikuwa imewatupa misimu miwili. Jioni ile nilimkuta akifunga vyombo kwenye gunia kwa mkono wa kushoto, mkewe akimshikia mdomo wa gunia.

"Fungua hilo gunia," nikamwambia.

"Jirani, niache."

"Nimesema fungua. Mimi ni mwakilishi wa chama au ni pambo?"

Wenzangu walinichagua kuwakilisha chama cha wafanyakazi kwa sababu ya mdomo wangu, si kwa hekima, na hilo nalijua. Kesho yake saa nne, wakati wa chai, tulikaa uani na vikombe vyetu kama kawaida. Kengele ya kurudi kazini ikalia. Hakuna aliyeinuka. Ikalia tena. Akina mama wa kukunja pakiti, watu wa mashine, mfagiaji, wote wametulia kama wako kwenye harusi. Chai ilikwisha zamani, lakini kila mtu alishika kikombe chake. Basi meneja akaniita ofisini.

Hakunikaribisha kiti. Alikuwa na barua mezani, imepigwa taipu, ndefu kidogo, ameiwekea kiganja pembeni.

"Kama nyinyi hapana taka kazi," akasema kwa Kiswahili chake kile, "kesho mimi peleka hii oda yote kiwanda ya ng'ambo. Huko watu iko tayari. Nyinyi wote kwenda nyumbani."

Uani kulikuwa na watu zaidi ya thelathini, na watoto wao, wote wanategemea neno langu. Nikainamisha macho kutafuta la kujibu, na macho yakaangukia ile barua. Wallahi sikukusudia. Yalikwenda yenyewe, kichwa chini, mstari kwa mstari, kama kazini.

Ilitoka kwa wakubwa wake. Ilisema kiwanda cha huko kimefungwa. Wafanyakazi wamegoma, juma la tatu sasa, wakitaka wenzao waliofukuzwa warudishwe. Ilisema pakiti zote, za huku na za kule, sasa zinaitegemea Nairobi, na kwa hiyo asikorofishane na watu wake kwa jambo lolote.

Nikainua macho.

"Bwana meneja," nikasema, "utazipeleka wapi? Kule kumefungwa. Wamegoma juma la tatu. Na wewe umeambiwa usigombane nasi."

Akatazama barua, akanitazama, akarudi kwenye barua. Shingo ikawa nyekundu. "Nani ametoa wewe hii habari?"

"Ni wewe. Umeiweka mbele ya mpanga herufi."

Miaka yote ametuajiri, na hakuwahi kujiuliza tunasomaje kile tunachokipanga! Alichukua kofia akaifunika ile barua, na mimi nusura nicheke. Kabla ya saa nane tulikuwa na maandishi yenye sahihi yake: kinga irudi kwenye mashine, na jirani arudi kazini, chumba cha kusahihisha, kazi inayotaka macho kuliko vidole. Niliyasoma uani kwa sauti mpaka nikakauka koo. Akina mama walipiga vigelegele mpaka wenye maduka ya karibu wakatoka nje kutuangalia.

Jioni nilipofika Riruta nilimsimulia jirani kila kitu, na nakubali niliongeza chumvi kidogo. Mkewe alilia. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wa ng'ambo wanagomea nini?"

"Si nimekwambia? Wenzao walifukuzwa."

"Kwa hiyo wako kama mimi." Akautazama mkono wake wenye bandeji. "Na pakiti zile nyingi tunazokata, si ndizo zao?"

Nikaudhika, nasema kweli. Siku yangu ya ushindi, na mtu anaitia maji! Kwa sababu alikuwa amesema haki, nami sikuwa nimeliona hilo. Kazi iliyoletwa kwetu ndiyo iliyokuwa inavunja mgomo wao. "Wewe kesho ndiyo siku yako ya kwanza kurudi," nikamwambia. "Ingia, kaa, nyamaza. Usiniharibie, bwana."

Hakunyamaza. Saa nne kesho yake, mtu ambaye hata salamu alizitoa kwa kipimo alisimama uani akasema tuchape pakiti zetu za siku zote, lakini za wale wa ng'ambo tuziache mpaka warudi kazini. Watu wakanung'unika. Saa za ziada zilikuwa tamu, na karo za shule zilikuwa karibu. Mmoja akauliza kwa hasira, "Wazungu hao wamewahi kutufanyia nini?"

"Wamenirudisha mimi," jirani akajibu. "Kama wangekuwa kazini jana, meneja angetufukuza sote akacheka. Hawanijui hata jina."

Chama chetu kilipiga kura kwa mikono, hadharani, na siku ile meneja alisimama dirishani na kalamu, tayari kuandika majina. Azimio lilipita. Pakiti zao hatukuzigusa mpaka habari ilipofika kwamba wamepatana na wenzao wamerudi, na kwetu hakuna aliyefukuzwa. Nimekuwa mtu wa chama miaka mingi baada ya hapo, nimehudhuria mikutano ya kila namna, na bado sijaona kura ya kuipita ile.

Maana nilipouliza nani anakubali, kila mmoja alimtazama mwenzake, kisha dirisha. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa na bandeji na vidole vitatu, wa mtu aliyekuwa na kazi kwa saa mbili tu. Wa pili ulikuwa wangu, nami niliyeshika chama naona haya mpaka leo kwamba ulichelewa.