Kichochoro cha Nyuma ya Nyumba ya Dada

Kwenye bohari ya gesi walimwita Mkato, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa dereva wa pikapu ya kusambaza mitungi majumbani, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na hakuna alichokichukia kama foleni. Wenzake wakikwama kwenye mataa ya sokoni, yeye alishakatiza kichochoro cha nyuma ya nyumba ya dada yake, akashusha mitungi, akarudi kuwacheka.

Kichochoro chenyewe hakikuwa barabara. Kilibanwa kati ya nyumba nne na ukuta wa ghala kuukuu, na gari likiingia, ilibidi vioo vya pembeni vikunjwe. Dada yake alikuwa mshonaji wa sare za wauguzi, na cherehani yake aliiweka baraza ya upande huo, maana ndiko kulikokuwa na mwanga. Mkato akifika hapo alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole pole, nimeanika."

Naye alipita pole pole, akiinua kamba ya nguo kwa mkono wake.

Kisha kampuni ikawapa madereva simu zenye ramani. Kila Mkato alipoingia kichochoroni, simu ilimwambia ageuze gari, na jambo hilo lilimkera kama vile anabishiwa na mgeni nyumbani kwao. Siku moja, akingoja mteja afungue geti, aliona kwenye ile ramani pahali pa kuripoti barabara inayokosekana. Akachora mstari kwa kidole, akaandika "gari linapita", akatuma. Hakumuuliza mtu. Alichotaka hasa ni wenzake waone kwamba hata simu imemkubali.

Wiki tatu baadaye mstari ule ukatokea. Bohari nzima ikapokezana simu yake.

"Huyu kaifundisha simu njia," alisema mkuu wa zamu, na Mkato akavimba kichwa mchana kutwa.

Wa kwanza kuja walikuwa wenye teksi. Wakafuata watu wenye magari yao, ambao hata hawakujua wako wapi, macho kwenye simu zilizobandikwa mbele yao, sauti ikiwaambia wanyooke tu. Magari mawili yakikutana, hakuna aliyekubali kurudi nyuma, na honi zikaanza. Kamba ya nguo ilikatwa mara mbili. Sare nyeupe zilijaa vumbi kabla hazijafika hospitali, dada akawa anafua kazi aliyokwisha kuishona. Mwishowe alihamishia cherehani chumba cha ndani, akashona kwa taa mchana kweupe.

"Laiti ningempata aliyewaonyesha hapa," alimwambia Mkato siku moja, akimpa maji ya kunywa. "Wala nisingemtukana. Ningemkalisha kwenye kiti hiki asubuhi mpaka jioni, basi."

Mkato alimaliza maji yote, akaomba mengine.

Siku hiyo hiyo, akiwa garini, alituma ombi la kuifuta njia. Simu ikamshukuru kwa mchango wake. Alituma tena na tena, mpaka jibu likaja kwamba magari mengi yanapita hapo, kwa hiyo barabara ipo. Akaenda ofisi ya mtaa kuomba nguzo ya kuzuia magari. Wakataka sahihi za nyumba zote nne, na jirani mmoja alikuwa ameshafungua kibanda cha kuwauzia soda hao hao madereva. Hakutaka hata kusikia. Mkato akapanga mawe makubwa kwa mikono yake. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yameshasukumwa ukutani.

Mwaka haukwisha, lori dogo likabomoa pembe ya baraza, na dada akasema imetosha. Alipata vyumba viwili ghorofa ya tatu, upande wa pili wa mji. Mkato ndiye aliyemhamisha. Dada alikaa mbele, kichwa cha cherehani mapajani, na walipokuwa nusu ya safari, Mkato aliegesha kando.

"Dada, ile njia ni mimi niliyeiweka kwenye simu."

Dada alikishika vizuri kichwa cha cherehani. "Na siku ile nilipokwambia habari ya kiti?"

"Nilikuwa najua."

"Kosa la simu ningelisamehe siku ile ile," alisema dada. "Lakini hili la miezi yote hii unakunywa maji yangu umenyamaza, niache kwanza."

Mkato akawasha gari. Walipofika, akapandisha vitu vyote kwa ngazi.

Wauguzi wengi wamechoka kupanda ngazi hizo, na kazi imepungua. Kila Jumamosi Mkato huenda kuchukua sare zilizokwisha, akazipeleka hospitali mwenyewe. Dada humfungulia, humwandalia chai, huzungumza naye juu ya vifungo na vipimo vya mikono. La kichochoro halitaji. Mkato hubaki amekaa mpaka chai inapoa, akitafuta pa kuanzia, halafu hunyanyua furushi na kushuka nalo.