Mjomba Alisisitiza Mlango wa Meli

Usiku ule wa kuamkia kikao cha maoni ya bajeti, nililala nyumba ya wageni karibu na bandari, maneno yangu nikiwa nayo tayari. Nilikusudia kusimama mbele ya kamati ya wabunge niwaombe wasiikatekate iwe vyuma chakavu ile meli kuukuu ya jeshi la majini, ile inayopanda ufukweni na kufungua mlango wake wa mbele. Marehemu mjomba Sefu alikuwa serahangi wake, mkuu wa mabaharia wa sitaha, mpaka alipostaafu.

Nikamwona amekaa miguuni pangu, kofia nyeupe mapajani, anacheka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bado unazurura? Hata mimi maiti nina mahali panapojulikana, wewe huna!"

Nikataka kujibu, lakini chumba kilishakuwa tumbo la meli. Kuta ni chuma, zinanuka dizeli. Tuko mwaka wa mafuriko. Mimi ni mtoto tena, niko mgongoni kwa mama, na watu wa delta yetu wamejaa humu na mbuzi wao. Kwetu hakuna gati. Meli nyingine zilitutazama kwa mbali zikapita; hii peke yake ilikuja mpaka matopeni kutuchukua, na sasa inatupeleka penye nchi kavu.

"Legezeni magoti!" mjomba anapaza sauti. Ndivyo alivyowaambia watu kila mara meli ilipokaribia kugusa ardhi, wasije wakaanguka. Tunalegeza. Meli inagusa. Mlango unashuka, mwanga unaingia, watu wanapiga vigelegele, nami kifua kinanijaa. Nataka kumwambia kila mtu: yule ni mjomba wangu.

Kisha watu hawapo. Mlango umefungwa, kutu imeutoboa, maji yanapenya, na mjomba ameliziba tundu kwa kiganja.

"Nitawaomba waipake rangi, mjomba. Waitunze."

Hacheki tena. "Usinililie mimi. Waombe mpya."

"Wanasema fedha hazitoshi."

"Basi waanze sasa, waitengee fungu kidogo kidogo kila mwaka. Mpya ifike hii ingali inaelea, vijana wajifunzie humu. Na iwe na mlango! Wakileta ya kupigia picha tu, siku ya mafuriko watu wetu watabaki juu ya mapaa."

Anaondoa kiganja. Badala ya maji, unaingia mwanga. Nachungulia tunduni: meli ya kijivu, ndefu, inakuja kuelekea ufukweni kwetu, mlango wake unaanza kushuka. Mjomba ananyooka, anaipigia saluti kama kijana wa juzi.

"Legeza magoti, mpwa wangu. Tunagusa."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, honi inalia bandarini, na chini ya shuka magoti yangu yalikuwa yamelegezwa. Ile hotuba ya kuiombea meli kuukuu ilikuwa imenitoka kichwani, wala sikuitafuta. Nilivaa shati langu jeupe nikaenda kuwaambia wabunge habari ya mlango.