Mtoto Aliyezidi Kwenye Halaiki

Mwalimu Emilia wa Chang'ombe anafundisha hesabu, lakini Dodoma inamjua kwa halaiki, ile ya sherehe ambapo watoto kwa maelfu hupanga maumbo uwanjani. Ana mdomo mkali na filimbi inayokera. Mimi ni msaidizi wake, kwa hiyo vyote viwili navijua.

Mwaka huu alipewa watoto elfu mbili na kumi na sita, akafurahi utadhani kapewa kiwanja Area D. Namba hiyo ni laini, alisema. Ukiigawa kwa mbili, tatu, nne, sita, saba, nane, tisa, kwa zote inakubali. Alichagua safu arobaini na mbili za watoto arobaini na wanane. Tukafanya mazoezi shule kwa shule.

Siku ya kuwakutanisha wote, mstatili ukakamilika, na mtoto mmoja akabaki peke yake vumbini. Kumbe miaka yote tunahesabu fulana tulizogawa, vichwa hatuhesabu. Mtoto huyo, Bupe, alihamia kutoka Mpwapwa fulana zimekwisha, mama yake akamshonea ya kitambaa kilekile, naye akajipanga na wenzake.

Mzee Batholomeo, mratibu wetu, akasema atolewe. Bupe alisikia. Hakulia; alianza tu kuivua fulana juu ya sare yake ya shule. Niligeuka pembeni.

"Subiri kwanza, Mzee," Emilia alisema.

Akachuchumaa, akaanza kuigawanya elfu mbili na kumi na saba vumbini kwa kijiti. Kwa tatu, anabaki mmoja. Kwa saba, mmoja. Kwa kumi na tatu, wawili. Akaendelea mpaka jasho likamtoka, na alipoinua uso nilimwona ameishiwa nguvu.

"Haigawanyiki," alisema. "Kwa moja na kwa yenyewe tu, basi."

Sikuamini. Kaongezeka mtoto mmoja, na namba laini imekuwa jiwe. Kwa hasira Emilia akavunja mstatili, akaamuru upangwe mraba mkubwa kadiri watoto watakavyotosha: arobaini na wanne kwa arobaini na wanne. Waliobaki, Bupe akiwemo, wakae kando. Akawahesabu. Akawahesabu tena, kisha akakaa chini palepale na sketi yake nyeupe.

"Themanini na mmoja," alisema taratibu. "Tisa mara tisa."

Namba iliyokataa kugawanyika imejipasua yenyewe kuwa miraba miwili kamili, na hakuna aliyezidi.

Mraba mkubwa hauna mtoto wa katikati kabisa, maana safu zake ni shufwa. Mdogo unaye. Emilia alimshika Bupe mkono, akampeleka safu ya tano, nafasi ya tano, akampa bendera. Kisha akamgeukia mratibu.

"Mzee, tumwombee afya. Huyu akiumwa siku ya sherehe, halaiki yote imeharibika."