Duara Lililoliwa na Kuku

Bakteria wa maziwa lala hutengeneza protini ndogo zinazoua bakteria wengine. Hilo nililisoma katika kitabu cha mitumba. Kazi yangu ni kutengeneza friji. Mambo ya bakteria nilijifundisha mwenyewe katika chumba cha kupanga huko Kinoo.

Mama yangu alipouza ng'ombe wake wa mwisho kule magharibi, nilibaki na chupa moja ya bakteria wa kibuyu alichogandishia maziwa lala. Daktari mmoja wa maabara ya Hurlingham, niliyemtengenezea friji, alikubali kuihifadhi kwenye barafu yao ikiwa ningemthibitishia Ijumaa kwamba bakteria hao wanaua.

Njia si ngumu. Unamimina kwenye kisahani rojo lenye bakteria wa mtindi wa dukani. Juu yake unadondosha maji ya maziwa lala yaliyochujwa na kutiwa magadi kidogo, ili asidi isije ikasingiziwa mauaji. Kisahani kikilala kwenye joto, rojo huwa na ukungu. Duara angavu likitokea, kuna kilichoua. Katika kisahani cha pili unaongeza utomvu wa papai, ambao huvunja protini. Duara likikosekana hapo, muuaji alikuwa protini.

Joto nililipata kwa mama mwenye nyumba, katika mashine yake ya kuangulia vifaranga. Alinipa rafu ya chini.

Ijumaa asubuhi nilikuta kisahani kimoja tu, kile cha papai.

"Mama, kingine kiko wapi?"

"Nimetupa. Nilikuwa napima mayai na tochi, nikapima na zako. Hiyo ilikuwa inapitisha mwangaza hapo katikati."

"Mwangaza ndio nilikuwa nautafuta!"

"Yai ikipitisha mwangaza haina kifaranga, fundi. Mimi siunguzi stima kwa kitu imekufa."

Nyuma ya nyumba kuku walikuwa wamekula rojo lote, pamoja na duara. Walionekana wenye afya.

Nilikwenda Hurlingham na ile chupa, pamoja na kisahani kisichoonyesha kitu.

"Sasa hapa nione nini, mzee?" daktari akauliza.

"Duara ambalo halipo."

"Halipo kwa sababu ya papai, ama halijawahi kuwepo?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia shahidi yupo, nikampigia mama mwenye nyumba na kuweka simu kwa spika.

"Mama," daktari akasema, "hiyo ulitupa, mwangaza ulikuwa kote ama mahali pamoja?"

"Pamoja. Mviringo, kama shilingi kumi. Wewe ndiye umemfundisha huu upuzi?"

"Hapana. Alikuja akijua."

"Basi mwambie afuge kuku."

Daktari alifunika mdomo kwa kiganja. Alipoweza kusema, alisema kuku hawezi kuwa kielelezo, wala simu. Chupa ingekaa kwenye barafu hadi Ijumaa iliyofuata. Nisipoleta duara, angeimwaga.

Nilirudia kila kitu na kumsihi mama asivipime visahani vyangu. Akaahidi. Ijumaa kabla ya chai alinigongea mlango, kisahani mkononi, tochi kwapani, sauti imeshuka kama ya mtu aliyetoka matangani.

"Pole, fundi. Imekufa tena."

Nikampokea kisahani kwa mikono miwili, nikamwambia asante sana.