Aliyeswali Nyuma Yangu Ukingoni mwa Ruvuma

Cheka ukitaka, lakini haya yamenikuta mimi mwenyewe, na wallahi sikuwa na homa, wala pombe sijapata kuigusa. Anayeniita mwongo aende akalale kule peke yake, halafu tuongee.

Kazi yangu ni kupika. Zamani nilipikia vibarua kule Afungi, kisha nikachukuliwa na watu wanaochunguza miti. Tukapiga tenda, yaani mahema, ukingoni mwa Ruvuma, juu ya Namoto, kwenye msitu wa kale ambao haujaguswa na shoka. Miti mingine watu watatu hawaikumbatii. Pazuri, pametulia mno. Ila roho yangu mimi haikutulia, maana mto huohuo ndio kaka yangu Momade alikwenda kuuvuka siku tulizokimbia vita. Wenzake walifika Tanzania. Yeye hakuonekana huku wala kule.

Nyumbani kwetu Quitunda neno "marehemu" halikutamkwa. Mama alikataa katakata: mwanawe yuko safarini. Kwa hiyo hatukumswalia ile swala ya maiti asiyekuwepo, na mkewe Mwanasha hakukaa eda. Si mke, si mjane. Nani angethubutu kumwambia mama?

Basi jioni moja wenzangu walikwenda Namoto na gari kutafuta mafuta, nikabaki kulinda mahema. Jua likazama, nikatandika mkeka mbele ya tenda, nikaswali magharibi. Nilipomaliza Alhamdu nikasikia nyuma yangu, "Amin." Nilifurahi, jamani! Nikadhani mvuvi mpita njia kajiunga nami.

Nikarukuu. Unajua ukiinama unaona nyuma, katikati ya miguu yako. Nikaona miguu mitupu, imejaa tope la mto, imesimama wima. Hakuinama. Nikasujudu, yeye kasimama vilevile. Nikasema moyoni, huyu naye kafundishwa swala na nani? Rakaa ya pili nikaangalia vizuri. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Ukucha ule uling'olewa na jiwe la nanga, nami nilikuwepo, nilimfunga kitambaa kwa mikono yangu.

Nivunje swala nikimbie? Mwili ulikataa, ulimi ukaendelea wenyewe. Na hapo ndipo nilipoelewa, niamini: swala isiyo na rukuu wala sijda ni moja tu, ya jeneza. Kaka yangu alikuwa anajiswalia mwenyewe.

Nilipotoa salamu nikageuka. Ni Momade, haki ya Mungu, kakonda, shati limemganda mwilini. Woga wote ulinitoka, nikalia tu.

"Nimechoka kusimama, mdogo wangu," akasema. "Niswalieni."

"Mama hataki."

Akaniangalia kwa huruma, vilevile alivyokuwa akiniangalia nilipomharibia nyavu zake utotoni. Halafu akashuka mtoni, wala sikusikia maji yakilia. Wenzangu waliporudi walinikuta bado nimekaa mkekani.

Niliacha kazi, nikarudi nyumbani, nikamweleza mama yote mpaka ule ukucha. Hakulia. Alisema, "Nilikuwa na mtoto msafiri. Wewe umeniletea maiti, na hata hiyo maiti yenyewe huna."

Ijumaa tukamswalia. Mama alijifungia chumbani. Mwanasha akakaa eda, akaimaliza, sasa kaolewa Mtwara na watoto wa kaka kaondoka nao. Nyumbani tumebaki mimi na mama.

Nilikosea? Najiuliza kila nikiamka. Lakini nakuonya, wewe mwenye mtu wako aliyepotea: usimngoje mpaka aje kuomba mwenyewe. Mswalie. Mama yako atakuchukia, usijidanganye. Wangu mpaka leo hanisemeshi. Chakula ananiwekea, anakifunika vizuri, halafu anaingia ndani ili asinione nikila.